Vituo vya kusimama kati ya Dodoma na Babati: Kolo ipangiwe siku nzima

Kwa wengi wetu tuishio Dodoma, barabara iendayo kaskazini ni njia ya kufikia Arusha na si zaidi ya hapo. Mtu huondoka alfajiri, hupita Makutupora kungali na giza, na jua linapokuwa limepanda sawasawa huwa tayari yuko Babati akitafuta supu. Tangu lami ilipokamilika mwaka 2018, kilometa 251 zilizopo kati ya Dodoma na Babati zimekuwa nyepesi kiasi kwamba hata dereva anayeheshimu vibao vya mwendo wa 50 vijijini huzimaliza kwa muda usiozidi saa nne. Wepesi huo ni neema kubwa kwa waliozoea vumbi na tope la njia ya zamani, lakini umetuondolea pia sababu ya kusimama, nasi tunapita kando ya mambo ambayo watu wa nchi nyingine hupanda ndege kuja kuyaona.

Kipupwe cha mwaka huu nilisafiri njia hiyo mara mbili nikiwa na mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye alizaliwa na kukulia upande wa Kondoa. Safari ya kwanza, mwanzoni mwa Juni, tulitaka kuimaliza kwa siku moja, ikatushinda. Ya pili, wiki tatu baadaye, tulilala Kondoa na kisha Babati, na ndiyo iliyonipa haki ya kuandika tathmini hii. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji mwenye haraka ayapate: karibu kila kituo cha njia hii kina faida yake, lakini Kolo, kwenye michoro ya miambani, ndiyo inayostahili kupangiwa siku, na vingine vyote vipangwe kwa kuizunguka.

Makutupora inatosha kwa robo saa. Ukishapita Veyula unaanza kuona mashamba ya mizabibu yaliyopangwa kwa nguzo na nyaya, na kwa mtoto wa mjini ambaye zabibu anazijua kwenye ndoo za wauzaji wa barabarani tu, ni jambo jema kuuona mti wenyewe ulivyo mfupi na ulivyofungwa. Msimu usikudanganye, hata hivyo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo anayepita Juni atakuta majani. Sisi tuliomba ruhusa kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia, watoto wakatembea katikati ya mistari miwili, tukashukuru na kuendelea.

Kutoka hapo hadi Mayamaya, na kuendelea hadi wilaya ya Chemba, sehemu kubwa ya uzuri unaiona ukiwa ndani ya gari. Mibuyu inapukutika majani wakati huu wa mwaka, na matawi yake matupu juu ya nyasi zilizokauka yanaonekana vizuri zaidi kuliko msimu wa mvua. Mawe makubwa yaliyobebana yako huku na huku, kama tuyajuayo mjini kwetu. Kuanzia Chemba vijiji vinakuwa na madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa kando ya lami, na mwezi wa Juni, wakati mavuno yanaingia, utaona vichwa vya alizeti vimetandazwa kwenye maturubai na watu wakivipiga kwa fimbo. Ukitaka kununua, nunua wakati wa kurudi, kwa maana dumu likikaa juani ndani ya gari siku mbili halikusaidii. Omba pia kuonja: mafuta yaliyokamuliwa karibuni yana harufu ya mbegu iliyokaangwa.

Hapa ndipo safari ya kwanza ilipoharibika. Katika mji mdogo mmoja wa njiani, ambao sitautaja, tulisimama kwenye mgahawa uliokuwa na magari mengi nje, tukaagiza kuku wa kienyeji na ugali wa mtama, tukaambiwa dakika ishirini. Baada ya saa moja niliingia jikoni kuuliza, nikakuta kuku wetu ndiyo kwanza ananyonyolewa. Tulikula baada ya saa moja na nusu na zaidi. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, na mlenda mama aliusifu kwa dhati, naye si mtu wa kusifu mlenda wa watu wengine ovyo. Sina ugomvi na jiko linalopika polepole. Ninalolalamikia ni kwamba mhudumu aliujua muda wa kweli na hakuusema, kwani angeusema tungechagua maharage yaliyokuwa yameiva tayari, tukawahi kule tulikokuwa tunakwenda. Ushauri wangu ni kubeba chakula kutoka nyumbani, au kuuliza kilichopo tayari kwenye sufuria na kula hicho.

Tulifika Kolo saa kumi na nusu jioni. Kolo iko kilometa zipatazo 180 kutoka Dodoma, baada ya mji wa Kondoa, na ofisi ya michoro ipo pale pale kando ya barabara kuu. Mwongoza wageni alitupokea vizuri, akaangalia saa yake, akamwangalia mama, kisha akaniambia, “Mzee, nikikubali kuwapeleka sasa nitakuwa nimewadanganya. Mtapanda kukiwa na mwanga na kushuka gizani, na bibi hapaswi kushuka mawe yale gizani.” Hela ilikuwa mkononi mwangu, naye hakuipokea. Kwa siku ambayo tulikwisha kupoteza saa nzima kwa sababu ya mtu aliyeficha ukweli, maneno hayo yalinigusa sana, na ndiyo yaliyotufanya tupange kurudi.

Safari ya pili tulilala mjini Kondoa. Mji upo kando kidogo ya barabara kuu, hivyo ni rahisi kuupita bila kuuona. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kawaida: chandarua kizima, shuka safi, maji ya moto kwenye ndoo, chapati na chai ya maziwa saa kumi na mbili unusu asubuhi kama tulivyoahidiwa. Kwa bei ya chini kuliko ya nyumba ya hadhi hiyo hiyo Dodoma mjini, sina la kudai zaidi. Jioni tulitembea kidogo. Kondoa ulikuwa mji wa misafara ya biashara kabla ya ukoloni, na misikiti yake na mpangilio wa nyumba zake za zamani bado vinakumbusha uhusiano wake na pwani. Aprili 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Afrika Kusini yakiongozwa na van Deventer yaliuteka kutoka kwa Wajerumani, na mwezi uliofuata kamanda wao Lettow-Vorbeck akajaribu kuurudisha kwa mashambulizi ya usiku, akashindwa. Yote hayo yalitokea kwenye vilima vinavyoonekana ukiwa mjini, lakini mgeni asiyesoma kabla ya kufika atayapita bila kujua. Hata kibao kimoja chenye maelezo ya Kiswahili, kwenye njia ya kuingilia mjini, kingekuwa huduma kubwa.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa Kolo kabla ya saa mbili na nusu. Nizungumzie kwanza mambo ya vitendo, kwa sababu ndiyo yanayowakwamisha watu. Michoro haipo kando ya lami. Ukishaandikishwa ofisini na kulipia kwa namba ya malipo ya serikali, unaingia na mwongozaji kwenye njia ya udongo ya kilometa kama tisa au kumi kuelekea mashariki, ukivuka mchanga wa mto uliokauka, hadi chini ya mlima. Gari dogo la chini halifai. Sisi tuliazima gari la shemeji yangu lililo juu, na hata hivyo mahali pawili ilinibidi nishuke kuangalia kabla ya kupitisha. Kisha unapanda kwa miguu. Njia ni ya mawe, imesimama, na mtu mzima mwenye afya ataimaliza bila shida ilimradi amevaa viatu vya kufunga na ana maji. Mama, aliye na miaka zaidi ya sitini, alipanda kwa fimbo, akipumzika kila baada ya hatua thelathini hivi, na mwongozaji hakumharakisha hata mara moja. Alitembea nyuma yake, si mbele.

Mahali penyewe panaitwa Mungomi wa Kolo. Watu husema mapango, ila usitarajie mashimo marefu ya gizani. Ni miamba mikubwa iliyoinamia mbele kama paa la baraza, na chini ya paa hilo ukuta wa jiwe umebaki mkavu kwa karne nyingi, mvua ikipita nje yake. Hapo ndipo walipochora. Kwa dakika za kwanza huoni kitu. Unaona jiwe lenye madoa ya kutu. Mwongozaji wetu aliokota unyasi mrefu, akasimama hatua moja nyuma ili asiguse ukuta, akaanza kufuata hewani mstari mmoja kwa ncha ya unyasi: huu mgongo, hii shingo, haya ni masikio. Ghafla binti yangu akasema “Twiga!” na kuanzia hapo macho yetu yakafunguka, kwani yule twiga alipokwisha kuonekana, pofu naye akajitokeza chini yake, kisha watu.

Watu hao ndio ninaotamani kila msomaji akawaone. Ni warefu kupita kiasi, wembamba kama fito, miili yao imechorwa kwa mistari myembamba ya wima, na vichwa vyao ni vikubwa, vya mviringo, kama wenye nywele zilizotimka au waliovaa kitu ambacho sisi hatukijui. Katika kundi moja la watano, yule wa katikati, ambaye husemwa kuwa ni mwanamke, anashikwa mikono na wawili upande huu na wawili upande ule. Wengine husema anatekwa, wengine husema ni ngoma. Nilisogea hadi mahali mwongozaji aliponiruhusu, nikaangalia mkono wa mmoja wao. Mstari wake ni mwembamba kuliko wa kalamu ya risasi, umevutwa mara moja bila kurudiwa, juu ya jiwe lisilo laini, na rangi yake ya damu ya mzee imeingia ndani ya jiwe kiasi kwamba huoni tabaka lililokaa juu. Rangi hiyo imetokana na udongo mwekundu wenye madini ya chuma. Mkono ulioshika kifaa cha kuchorea haukutetemeka.

Mwongozaji alieleza kwa uangalifu ambao nimeukosa katika sehemu nyingine nyingi za utalii nilizokwenda. Hakutupa miaka ya kubuni. Alisema wataalamu bado wanabishana juu ya umri wa michoro, akaeleza kwamba ile myekundu huhusishwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji, ambao jamaa zao wa leo ni kama Wasandawe wa upande wa Kwa Mtoro, na kwamba ile myeupe, mizito na iliyochorwa kwa kidole, ilikuja baadaye pamoja na wakulima. Alijua kwamba Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja hapa mwaka 1951 kunakili michoro kwa mkono, na kwamba katika pango la Kisese, kwenye eneo hili hili, zimechimbuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000. Mwanangu wa kiume alipouliza kwa nini hawakuchora nyumba, alifikiri kidogo, akajibu, “Kijana, mimi nafikiri walichora walichokiota na walichokitafuta. Nyumba hawakuitafuta.” Aliyasema kama mawazo yake mwenyewe, si kama elimu, na tofauti hiyo naiheshimu.

Eneo la michoro ya Kondoa liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ni kilometa za mraba 2,336 zenye miamba iliyochorwa zaidi ya 150, kwa hiyo Mungomi ni mlango tu. Hata hivyo mlango huu bado una watu wake. Warangi wa vijiji vya karibu hufika Mungomi kwa matambiko, kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na tulipopita kwenye mwanya mmoja wa mwamba mwongozaji alituomba tusipige picha na tusiguse kilichowekwa pale. Mama alivua kanga ya begani, akaifunga upya vizuri, akasimama kimya. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake alikuwa akilitaja jina la mlima huu, lakini yeye hakuwahi kuletwa.

Kasoro zipo, na kwa kuwa ninaipenda Kolo nitazisema. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni machache, na asiyepata mwongozaji mzuri kama wetu atashuka akiwa ameona madoa tu. Hakuna mahali pa kununua maji ukishaiacha lami. Na ulinzi wa miamba unategemea mno heshima ya watu, wakati tunajua kwamba katika wilaya hii wapo waliochimba chini ya miamba wakiamini Wajerumani walizika hazina, na wapo wageni wanaomwagia maji kwenye rangi ili ing'ae kwenye picha. Maji hayo yanaiua michoro. Ukimwona mwenzako anafungua chupa mbele ya ukuta, mzuie, hata kama ni mkubwa kwako.

Pahi tuliipitia kwa haraka mchana, kwa ajili ya kulinganisha. Michoro yake mingi ni ile myeupe, na kupanda si kwingi, kwa hiyo inamfaa asiye na magoti ya Mungomi. Asiye na muda wa sehemu zote mbili achague Mungomi.

Kuna kituo kimoja ambacho sijakiona kwenye orodha ya mtu yeyote, nacho hakina ada. Kati ya Kolo na Bereko, mahali pengi, ardhi imekatika kwa makorongo mekundu yenye kina cha kummeza mtu aliyesimama, na kando yake sasa kuna nyasi na miti iliyorudi. Simama mahali salama, mbali na kona, utazame. Ardhi ya hapa ilikuwa imeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba serikali ilianzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kama HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Alisimama ukingoni akiwa amemshika mjukuu wake mkono, akamwonyesha kwa kidevu upande ng'ombe wa baba yake walikopitishwa kwenda kwa ndugu nje ya mipaka. “Baba alilia,” alisema, “na mimi sikuwahi kumwona akilia. Sasa tazama nyasi.” Hakuongeza neno, na mimi sikujua kama alikuwa anaisifu amri ile au anailaumu. Watoto wangu walitaka kujua majina ya ng'ombe, naye akawatajia manne.

Bereko ni mahali pa kuvaa sweta na kunywa chai. Iko juu, ina baridi na msitu wa miombo, na baada ya hapo barabara inashuka kwa kona kuelekea Bonga na bonde la Babati. Madereva wa malori hushuka kwa gia nzito, na wewe fanya hivyo hivyo.

Babati tuliingia saa kumi jioni. Ziwa lipo karibu kabisa na mji, na Mlima Kwaraa umesimama juu yake. Maji ni baridi na viboko ni wengi, kwa hiyo suala la mtumbwi lichukuliwe kwa uzito. Mtu wa kwanza aliyetufuata ufukweni alikuwa na bei nzuri na maneno matamu, lakini hakuwa na maboya ya kuvaa hata moja, tukamkatalia. Wa pili alikuwa nayo ya kututosha, alidai bei ya juu kidogo, na alitutembeza kwa mwendo wa taratibu akikaa mbali na matete, akinyamaza kila alipotaka tusikilize. Tuliona vichwa sita vya viboko na mgongo mmoja, kwa umbali ambao mke wangu aliuona bado ni mdogo. Mpatieni kazi mwenye maboya. Bei ikubaliwe nchi kavu, kabla mguu haujaingia mtumbwini.

Tulilala Babati, tukala perege wa kukaanga, na asubuhi tukanunua wengine wanne wa kubeba. Katika kurudi hatukusimama popote isipokuwa Kolo, kwa sababu mama alisema wawili kati ya wale samaki ni wa yule kijana aliyetembea nyuma yake mlimani. Hatukumkuta ofisini, alikuwa amepanda na wageni wengine. Mwenzake aliwapokea samaki kwa mikono miwili, akawaweka kivulini, akatuambia tungoje kidogo, kwa kuwa leo hao wageni walitoka mapema na watashuka kabla ya saa sita. Tukangoja.